Marahaba Mia na Arobaini

Kikole, Kilwa
10 Machi 2025

Mjomba Saad, shikamoo.

Huku tunafunga salama na futari ipo, mihogo hasa, maana bibi kakataa kitu kingine tangu mwezi uandame. Mama anakusalimu, mguu wake umepona. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Bibi kampa mmoja jina lako kwa sababu haji akiitwa. Usinikasirikie mimi, naeleza tu yaliyopo.

Naandika kwa mkono kwa sababu ulitutangazia mwenyewe siku ya kwanza chuoni Lindi kwamba mwanafunzi asimpigie mhadhiri simu wala kumtumia ujumbe wa pembeni, hata awe ndugu yake. Kila kitu kipite kwenye Mfumo. Basi nimekipitisha mara sita. Mara sita Mfumo umenijibu: "Asante kwa mchango wako. Umepata alama mbili." Nina alama kumi na mbili za kulalamika na shida yangu iko palepale. Barua hukuikataza.

Shida ni hii. Kwenye huu ujifunzaji mseto wenu tunakaa chuoni wiki tatu, halafu tunarudi makwetu tusome kwa simu. Mtandao wa Kikole unaujua. Unashika sehemu moja tu, juu ya dungu la bibi kule shambani, anapokaa kutwa kulinda mahindi yasiliwe na ngedere. Siku ya kujiandikisha nikapanda, nikashika simu, Mfumo ukasema, "Tazama mbele, tabasamu." Hapohapo ngedere wakaingia shambani. Nikaruka chini na rungu. Bibi akaiokota simu aone inasema nini, akatazama mbele, akatabasamu. Mfumo ukasema, "Hongera Nusaiba, sura yako imehifadhiwa."

Tangu siku hiyo nikitazama mimi, Mfumo unasema, "Wewe si Nusaiba." Akitazama bibi, unafunguka. Nikitaka kusoma mhadhara wako lazima kwanza nimwite anifungulie. Hilo ningevumilia, ila mtihani wa tarehe 14 Julai sura inakaguliwa mlangoni kwa mashine. Isiponitambua siingii, nisipoingia nimefeli, na miaka mitatu yangu imekwenda na maji. Nakuomba unibadilishie sura.

Bibi anakusalimu. Anasema ana neno na wewe, ila atalisema mwenyewe.

Mpwa wako,
Nusaiba


Mtanda, Lindi
24 Machi 2025

Mpwa wangu Nusaiba,

Natumai mu wazima. Mimi sijambo, ila joto la Mtanda mwezi huu mtu anafunga mara mbili. Mwambie dada nimefurahi kusikia habari ya mguu. Mbuzi mbadilisheni jina.

Kirasmi sikupaswa kukujibu. Najibu kama mjomba, na ukishasoma uichome.

Sura hubadilishwa kwa Fomu ya Marekebisho ya Sura. Kifungu cha nne kinasema mwalimu wa somo atamwona mwanafunzi kwa macho yake, mahali alipojiandikisha kusomea, kisha atie saini palepale. Nikafungua taarifa zako nione umejiandikisha wapi. Umeandika "dungu". Nani kakushauri, Nusaiba? Wenzako wameandika Masoko, wameandika Nangurukuru, mahali penye viti! Usiniambie uje wewe Lindi, fomu hairuhusu. Fomu niliitunga mimi mwenyewe, siwezi kuwa wa kwanza kuivunja. Na kuja huko kwa sasa sipati nafasi. Nina mihadhara ya kurekodi, nina ripoti, nina vikao vya kamati.

Hata hivyo hongera. Kwenye mjadala wa mtandaoni unaongoza darasa zima. Dakta Ignatius, mkuu wa idara, kausoma mchango wako mbele ya kikao. Swali lilikuwa: changamoto kuu ya ujifunzaji mseto ni ipi? Wenzako wamejaza kurasa. Wewe umeandika neno moja: "Ngedere." Dakta anasema ni sitiari nzito, kwamba ngedere ni zile fikra za kikoloni zinazovuna pasipo kupanda. Nilikubaliana naye. Endelea hivyohivyo.

Wako,
S. Bakary


Kikole
9 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo. Na ile ya Machi hukuitikia, basi naiweka juu ya hii zikae pamoja.

Idi tumeila vizuri. Bibi kashonewa gauni la kijani, kalivaa moja kwa moja kupanda nalo dunguni. Mbuzi Saad anaendelea vizuri, jina limeshamkaa.

Mjomba, kaa chini kwanza. Ngedere si sitiari. Ni ngedere. Na aliyeandika si mimi.

Wiki ya kwanza wanafunzi wote mia na arobaini tulifungua mjadala kwa kuandika "Shikamoo mwalimu", kama tulivyolelewa. Wewe hukujibu hata mmoja. Mchana mimi natwanga na kupika, zamu ya dungu ni ya bibi, na simu inabaki naye. Akaziona. Akaniita kwa ukali nikadhani kuna nyoka. "Watoto mia na arobaini wanaamkia na hakuna wa kuwaitikia? Mwalimu wao ni mtoto wa nani?"

Ikabidi nimwambie ni wake.

Mjomba, akavaa miwani na kuanza kuwaitikia mmoja mmoja. Kusoma na kuandika anajua, cheti chake cha elimu ya watu wazima cha mwaka sabini na tano bado kipo sandukuni. Zilimchukua siku mbili. "Marahaba Yustina. Marahaba Boniface, mama yako hajambo?" Boniface akajibu mama yake yuko kitandani, haamki. Bibi akamwandikia, "Sasa unafanya nini kwenye simu? Nenda kamwone." Boniface kaenda. Mfumo umemwandika mtoro wiki mbili. Bibi anasema huyo keshafaulu.

Kila marahaba ni alama mbili, na akijibiwa zinaongezeka. Nikamwacha. Nilipaswa kumkataza, nikaona aibu, halafu nikaona alama zinapanda nikanyamaza. Hapo kosa ni langu. Kazi za kuandika zile ninazokuletea ni zangu mwenyewe, naapa, naziandika kwenye daftari kwanza.

Nifanyeje sasa? Siku zinakwenda, Mjomba.

Nusaiba


Mtanda, Lindi
28 Aprili 2025

Nusaiba,

Afya yangu si nzuri, na sababu unaijua.

Laa haula! Umejua ulichonifanyia? Kamati imechagua Mwanafunzi Bora wa Mjadala. Umechaguliwa wewe. Wakaichukua picha yako kutoka kwenye Mfumo, wakaikuza ukubwa wa meza ya kulia chakula, wakaitundika ukutani pale mlango mkuu. Chini imeandikwa: Nusaiba, miaka 23. Napita chini ya mama yangu mzazi mara nne kwa siku. Ananitazama na lile tabasamu lake na kitambaa chake cha kichwani, na nyuma yake kuna suke la mahindi. Msajili kasimama pale jana, katikisa kichwa, kasema, "Maskini, masomo haya yanazeesha." Nikasema ndiyo. Nusaiba, nilisema ndiyo!

Nikiulizwa siwezi kuwakana, nikikubali kamati itanila nyama. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba Mfumo haudanganyiki.

Kuja Kikole haiwezekani. Mvua imekata barabara. Nimesikia magari yamekwama. Fomu ipo mezani kwangu, imejazwa yote isipokuwa saini.

Mwambie bibi yako aache kuitikia watu. Wengine wameanza kumwomba dua za mtihani.

S. Bakary


Kikole
11 Mei 2025

Mjomba, shikamoo. Sasa ni tatu.

Sisi wazima. Mahindi yamekomaa, ngedere wamepungua. Kile kisima cha nyuma kimejaa mpaka juu.

Barua yako nimeichukua kwenye banda la chapati Nangurukuru, inanuka mafuta lakini imefika salama, kwa basi, siku moja tu baada ya kuiandika. Mwenye banda kaniambia mabasi ya Lindi hayajalala njiani hata siku moja mwaka huu. Mvua ilinyesha, ndiyo. Barabara haikukatika.

Naomba niseme, kisha unichape ukitaka. Mjomba, si mvua. Tangu tumzike babu hujakanyaga Kikole. Mwaka wa pili huu. Ulifika kaburi limeshafukiwa, ukakaa matanga siku tatu hukusema neno, ukaondoka alfajiri pasipo kumuaga mtu. Mama kakutetea kwa kila anayeuliza mpaka kachoka. Mimi sikuulizi kulikuwa na nini. Nasema tu kwamba wewe una kaburi moja na mimi nina mtihani mmoja, na vyote viko Kikole, na vyote vinakungoja.

Bibi hana hasira, kama ndilo unaloogopa. Anasikiliza mihadhara yako ya kurekodi kutwa nzima dunguni. Ule wa "Nadharia za Upimaji" kausikiliza mara thelathini na moja, Mfumo unahesabu. Haelewi kitu na haulizi. Ukikohoa anasema, "Huyo hanywi maji." Ukisema "mada yetu ya leo" anaitikia, "Haya, baba."

Limekuja pia dodoso la maoni ya wanafunzi na walimu kuhusu ujifunzaji mseto. Nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Kalijaza bibi.

Nusaiba


Mtanda, Lindi
2 Juni 2025

Nusaiba,

Salamu kwa wote.

Matokeo ya dodoso yamesomwa kikaoni leo. Majibu hayana majina. Walimu asilimia tisini tumesema tumeridhika kabisa na ujifunzaji mseto. Wanafunzi wamesema bando halitoshi, umeme hautoshi, mwalimu wa kwenye simu haulizwi swali akajibu. Kisha Dakta Ignatius akafika kwenye jibu namba mia na saba, akalisoma lote kwa sauti, mbele ya watu kumi na wanne:

"Mwalimu anafundisha vizuri ila anaongea mbio kama marehemu baba yake. Amekonda. Shati la bluu alivae na siku nyingine apumzike nalo. Haji nyumbani."

Dakta akavua miwani, akauliza huyu mwanafunzi anamaanisha nini, mwalimu haji nyumbani. Msajili akapendekeza tuandike kwenye ripoti kama upungufu wa huduma kwa mteja. Wakapiga kura. Imepita. Nami nilinyoosha mkono.

Nina kikao kingine.

S.B.


Kikole
10 Juni 2025

Mjomba, shikamoo. Nne.

Tumechinja salama. Nyama yako mama kaikausha, ipo.

Mahindi tumevuna yote. Shamba limebaki mabua, ngedere wamehamia kwa jirani. Bibi bado yuko juu ya dungu. Tumembembeleza ashuke, hataki. Eti wanafunzi watamwamkia asionekane. Analinda mabua, Mjomba, miaka sabini na moja, kwenye jua lote hilo, na simu mkononi.

Nimebakiza siku thelathini na nne. Naamka, nasoma, namwita bibi anifungulie, nasoma tena. Nimesoma mpaka macho yanawaka, kwa ajili ya mlango ambao hautanifungukia. Nimechoka na nimeumia. Kama hutakuja, niandikie neno moja tu, hapana, nijue nishike jembe. Usiniandikie habari za vikao.

Jambo la mwisho. Jana nilimuuliza bibi lile neno alilosema ana nawe, mbona halisemi? Akanijibu, "Nilishalisema. Wiki ya pili. Nimemwandikia mwalimu kwenye lile sanduku lake, hajajibu. Mimi nimemaliza, sasa ni zamu yake." Nimetafuta upande wangu, ujumbe kwa mwalimu ukishatumwa hauonekani tena. Kauandika nini hataki kuniambia. Kaangalie, Mjomba. Nakuomba kama binti yako.

Nusaiba


Mtanda, Lindi
21 Juni 2025

Nusaiba mwanangu,

Marahaba. Marahaba ya Machi. Marahaba ya Aprili, na ya Mei, na ya Juni. Nimezitoa barua zako zote kwenye mtoto wa meza na kuzisoma upya, kila moja imeanza kwa kuniamkia, nami kila moja nimeijibu kwa habari zangu.

Sanduku la mwalimu sikuwahi kulifungua. Tangu muhula uanze. Niliuagiza Mfumo ulijibu wenyewe ili mimi nipate muda wa kuandika ripoti kuhusu mawasiliano ya mwalimu na wanafunzi. Alhamisi nimelifungua. Ujumbe elfu moja na mia tisa. Nikashuka nao mpaka wiki ya pili. Umeandikwa kwa jina lako, lakini si wako. Nakunakilia:

"Saad mwanangu. Hukuchelewa. Sisi ndio tuliwahi. Wingu lilitanda tukaogopa kaburi lisijae maji. Walitaka kukungoja, mimi ndiye niliyesema tusingoje. Nilitaka kukwambia siku ile ukaondoka kabla sijaamka. Mama yako."

Na chini yake, Mfumo wangu ulimjibu hapohapo: "Asante kwa mchango wako. Umepata alama mbili."

Nusaiba, nimelia ofisini mpaka msajili kaja kugonga. Siku aliyokufa baba nilikuwa nauonyesha Mfumo kwa wageni. Simu niliizima nikaifungia kwenye saraka ya meza isije ikaniaibisha. Mama yako alinipigia mara kumi na moja. Nilipoiwasha alikuwa anapiga ya kumi na mbili. Sijamwambia mtu yeyote hili. Nikawa najiambia nikionekana Kikole watu watanitazama na kulisoma usoni, basi nikatunga fomu, nikatunga vifungu, nikakaa navyo.

Kwa Dakta Ignatius nimekwenda jana, nimemweleza yote, kuanzia dungu mpaka picha ya ukutani. Alama zote za mjadala zinafutwa kwako. Utabaki na za kazi zako za kuandika. Nimezisahihisha upya kwa kalamu nyekundu na bila huruma: kumi na saba. Za kukuingiza kwenye mtihani ni kumi na sita. Ni zako, hakuna aliyekupa.

Nakuja Jumamosi ijayo kwa basi la kwanza. Fomu ninayo. Kwanza kaburini, halafu dunguni, nitapanda mwenyewe. Bibi usimwambie.

Mjomba wako,
Saad


Kikole
17 Julai 2025

Mjomba, shikamoo.

Safari yangu ya kurudi ilikuwa nzuri. Mama anauliza mgongo umepoa? Ile ngazi ya dungu uliyovunja imeshatengenezwa, na bibi kaagiza waweke mti mnene zaidi, "kwa sababu atakuja tena".

Sikukusimulia mlangoni ilikuwaje, maana ulikuwa unasimamia chumba kingine. Mashine ilinitazama. Mimi nikaitazama. Ikasema, "Karibu Nusaiba." Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mlinzi akanicheka. Mtihani ulikuwa mgumu ila swali la tatu lilikuwa upimaji, na huo mhadhara hata mbuzi wetu anaujua kwa moyo.

Naikumbuka siku ile Mfumo ulipokuuliza sababu ya kuifuta sura ya kwanza, mkiwa mmekaa wawili juu ya dungu miguu ikining'inia, nawe ukaandika, "Huyu ni mama yangu." Mfumo ukajibu, "Sababu imekubaliwa." Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Wanafunzi sasa wanamwandikia kwa barua, banda la chapati limejaa bahasha. Boniface ndiye wa kwanza. Mama yake alifariki, lakini alimkuta akiwa hai.

Bibi kashuka dunguni siku ya pili baada ya wewe kuondoka, kwa miguu yake, hakuombwa na mtu. Mbuzi kabadilishwa jina, anaitwa Mfumo.

Ana swali moja tu, na kanisimamia hapa niliandike kama alivyolisema: "Ujumbe wangu ule, alama mbili tu?" Anasema usijibu kwa barua.

Nusaiba